Safari ya Kilungu na risasi isiyotoka bundukini

Kiswahili kina maneno ambayo yafaa kutazamwa mara mbili kabla ya kuyaamini. Chukua neno risasi. Mtoto wa mjini akilisikia, fikira zake hukimbilia polisi na majambazi. Fundi wa zamani akilisikia, yeye huwaza madini ya rangi ya kijivu, laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuyachora, na mazito kupindukia. Mkebe wa lita moja ukijazwa maji una uzito wa kilo moja. Ukijazwa madini hayo una zaidi ya kilo kumi na moja. Tulilipata neno hilo kutoka kwa Waarabu, na sababu ya maana zake mbili ni nyepesi: kwa karne nyingi kile kilichoruka kutoka mdomo wa bunduki kilikuwa ni kidonge cha madini hayo hayo.

Ni hii risasi ya pili, ile isiyolia, iliyonipeleka Kilungu.

Mpenzi msomaji, Kilungu si mbali. Ukitoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, utapita Mlolongo, Athi River, njia panda ya Machakos, Konza na Malili. Unapoikaribia Salama, tazama upande wako wa kushoto. Vilima vimejipanga pale, asubuhi vikiwa vya samawati na adhuhuri vya kijani, ilhali chini yake nyasi za uwandani zimekauka na ng'ombe wanatafuta kivuli. Ukikosa kugeuka utajikuta Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Hamud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ilipokuwa ikijengwa kupita nyika hiyo. Wengi wanaoteremka pale kunywa chai hawajui kwamba wamesimama kwenye jina la mfalme.

Lakini kabla hujapanda vilima, kaa kidogo kando ya barabara. Malori yanayotoka bandarini Kilindini hupita hapa usiku na mchana yakielekea Nairobi, Kampala, Kigali na kwingineko. Palipo na malori pana magurudumu, na palipo na magurudumu pana fundi wa panchari. Utamtambua kwa tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya lami na kupakwa rangi nyeupe.

Gurudumu, hata likiwa jipya, halina uzito sawa pande zote. Likizunguka kwa kasi ya kilomita 80 au 100 kwa saa, ule upande uliozidi kidogo huanza kulitikisa gari. Usukani unatetemeka mkononi na tairi linalika vibaya. Dawa yake ni balansi. Gurudumu hufungwa kwenye mashine, mashine inaonyesha palipo pepesi, na fundi hugonga hapo ukingoni kipande cha risasi chenye kishikizo cha chuma. Kipande chenyewe ni kidogo, gramu 5, gramu 20, pengine 60 kwa gari la kawaida, na vya malori ni vizito zaidi. Risasi ilipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ni nzito, ni rahisi na hukubali kukunjwa kufuata mviringo wa ringi.

Sasa gari hilo likipiga shimo, au likiruka tuta ambalo dereva hakuliona, kile kipande huchomoka. Hubingirika kwenye vumbi na kulala pale. Kijana anayetafuta vyuma vikuukuu akipita na gunia lake, hukiokota. Vingine hutupwa na mafundi wenyewe wanapobadilisha matairi. Siku nzima ya kutembea yaweza kumpa kijana kilo mbili tatu, pamoja na misumari, springi na vifuniko.

Biashara hiyo ya skrepu si ya kuchezea. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka muuzaji awe na leseni na aandike alichonunua na alikinunua kwa nani. Januari 2022, baada ya nguzo za stima kuanguka Nairobi na nchi kuingia gizani, Serikali iliisimamisha biashara yote hiyo kwa miezi kadhaa. Akina yahe waliokuwa wakiokota vipande vya balansi wakajikuta kapu moja na wezi wa nyaya. Mimi sikuona haki katika hilo. Mtu anayeinama kuokota gramu 20 barabarani si yule anayepanda nguzo ya umeme na msumeno.

Fanya juu

Barabara ya kupanda Nunguni ina kona zinazowatia abiria adabu. Matatu inanguruma, masikio yanaziba, na hewa inabadilika. Ulioacha chini ulikuwa ni ukame wa Ukambani unaoonyeshwa na magazeti kila mvua ikikosekana. Huku juu kuna ukungu, migomba, kahawa, miparachichi, na akina mama waliovaa sweta saa nne ya asubuhi. Mgeni aliyezoea kufikiri kwamba Makueni yote ni jua na kiu atafunga mdomo.

Kilungu haina tambarare. Shamba hapa husimama. Ili udongo usiteremke na mvua kwenda kwa jirani, wenyeji wamelikata kila shamba kwa matuta, tuta juu ya tuta, mpaka kilima kinafanana na ngazi. Kuna namna moja ya tuta iitwayo fanya juu: unachimba mtaro na udongo wake unautupa upande wa juu, na baada ya miaka kadhaa mvua yenyewe inakamilisha kazi ya kulisawazisha shamba. Jina hilo la Kiswahili limekwenda hadi katika vitabu vya wataalamu wa udongo ulimwenguni bila kutafsiriwa. Makueni iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi 1992 ndiyo moja ya shule zake kubwa. Mikono iliyoyachimba ilikuwa kwa wingi ya wanawake, wakifanya kazi kwa vikundi vya mwethya, zamu ya shamba hili leo na la jirani kesho.

Nilimkuta niliyemwendea nyuma ya nyumba yake, chini ya mkaratusi. Jina lake sitalitaja, kwa ombi la familia. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, aliyefanya kazi katika magereji ya Mombasa kwa muda mrefu, na aliporudi nyumbani alirudi na ufundi wake.

"Wi museo?" nikamsalimu kwa Kikamba changu cha kuazima.

"Ni museo, mwanangu. Keti, lakini usikae upande huo. Moshi unakuja huko."

Mbele yake palikuwa na jiko la makaa, na juu ya jiko karai la chuma, na ndani ya karai kilo kama nne za vile vipande vya barabarani.

Karai la mzee

Kwanza alikuwa amevichambua, na kazi hiyo ilikuwa imemchukua muda kuliko kuyeyusha kwenyewe. Siku hizi si kila kipande cha balansi ni risasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi hiyo katika magari mapya mwaka 2005, na viwanda vikageukia zinki na chuma. Magari kuukuu yanayoletwa kwetu huja na mchanganyiko. Mzee hukidondosha kila kipande kwenye jiwe na kusikiliza. Cha zinki hulia kama sarafu. Cha risasi huanguka kibubu. Asiposikia vizuri hukibana kwa koleo: risasi hukubali meno, zinki hukataa. Zinki ikiingia karaini huiharibu risasi yote, ikawa nzito kama uji na isijaze kalibu sawasawa.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu. Zinki huhitaji 419. Kwa hiyo mtu mwangalifu asiyepuliza moto kupita kiasi ataiona zinki iliyomponyoka ikielea juu, naye ataiopoa. Vile vishikizo vya chuma navyo huelea, jambo linalowashangaza watoto wa shule, maana wamefundishwa kwamba chuma huzama. Huzama majini, katika risasi iliyoyeyuka chuma ni chepesi kama kizibo.

Mzee alitia kipande cha mshumaa. Moto ukaruka, moshi mweusi ukapanda, naye akakoroga kwa upawa wa chuma wenye mpini mrefu. Uchafu ukajikusanya juu kama utando wa maziwa. Akauengua, na chini yake kukatokea uso unaong'aa kama kioo. Niseme kweli, ni kitu kizuri kutazama. Ule mng'ao ulidumu kwa muda wa pumzi mbili, kisha ukaanza kufifia na kugeuka zambarau na kijivu.

Akamimina katika kalibu za mchanga. Zilizotoka ni timazi, zile pia zenye ncha ambazo waashi huzining'iniza kwa uzi kuhakikisha ukuta umesimama wima. Nyingine zilikuwa chubwi za wavuvi, za kuzamishia nyavu na mishipi. Wateja wake wanatoka pande za Mto Tana. Kiasi kidogo huchanganya na bati na kupata lehemu ya kuzibia madebe. Kuna nyumba Kilungu ambazo timazi ya mzee huyu ilizinyoosha kuta zote.

Na za bunduki je? Nilimwuliza, maana nilikuwa nimesoma kwamba Marekani watu wengi hufanya hivyo kwa starehe. Huenda kwa mafundi wa matairi na ndoo, hupewa vipande vya zamani, huyeyusha nyuma ya nyumba zao na kumimina katika kalibu za chuma za kutengenezea vichwa vya risasi kwa ajili ya kulenga shabaha au kuwinda. Huko nako wanalalamika kwamba ndoo siku hizi imejaa zinki.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, unataka nifungwe?"

Ana haki. Kwa sheria ya silaha ya Kenya, mtu hawezi kutengeneza risasi nyumbani kwake kama atengenezavyo chapati. Serikali ina kiwanda chake Eldoret kilichoundwa mwaka 1997. Na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Jirani zetu wa Tanzania wana gobori, bunduki ya kushindilia kwa mdomo, ambayo mafundi wa vijijini waliijua hadi kuiunda upya wenyewe, na hapo ndipo kijiti cha kuyeyushia kilipopita kutoka baba hadi mwana.

Mkamba hakuhitaji sana hayo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu hadi pwani, na mzee Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa zama hizo. Ndovu wale waliangushwa kwa mishale. Mshale wa Kikamba ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti fulani wa nyikani, ukafungwa kwa ngozi usikauke, na mwindaji akaubeba akiwa mwangalifu kuliko anayebeba mtoto. Wahunzi walifua vyembe kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe, na baadaye kwa msumari wowote waliouokota. Walivuta nyaya nyembamba za shaba na chuma, na mpaka leo kigoda kizuri cha Kikamba hutambulikana kwa nyaya zilizopigiliwa katika mbao. Kuokota chuma cha watu wengine na kukipa kazi mpya si jambo lililoletwa na gereji.

Tahadhari yao, hata hivyo, ndiyo iliyonikaa kichwani. Ile sumu ya mshale haikupikwa jikoni. Ilipikwa mbali, na chungu chake hakikurudi nyumbani.

Mke wa mwanawe

Nyuma ya karai la mzee palikuwa na sufuria iliyoning'inizwa kwenye tawi, imetobolewa matundu manane chini. Nikadhani ni chujio. Mama mmoja aliyetoka shambani na debe la parachichi ndiye aliyenieleza. Ni mke wa mwana wa mzee, na ana watoto watatu pale nyumbani, kitinda mimba akiwa na miaka minne.

Sufuria hiyo ndiyo mzee aliyokuwa akiitumia zamani. Siku moja aliikuta imesuguliwa ikawekwa kwenye rafu pamoja na nyingine. Hakusema neno. Alichukua msumari wa inchi sita na jiwe, akaitoboa, akaitundika mahali ambapo kila mtu ataiona. Baba mkwe alinuna kwa siku mbili.

"Mimi namheshimu baba," aliniambia. "Lakini sufuria haina macho ya kujua leo ni risasi, kesho ni uji."

Mama huyu aliwahi kuishi Mombasa, mtaa usio mbali na Owino Uhuru, na pengine msomaji wetu anaikumbuka habari ya mtaa huo. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari kilifunguliwa ubavuni mwake mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za mabati za watu wapatao elfu tatu. Moshi ulishuka juu ya paa na maji yalipita mbele ya milango. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba alikuwa na risasi mwilini. Omido aliacha kazi, akawakusanya wenzake, akaandamana, akakamatwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa, watoto waliokuwa wakinyonya walikuwa wamekwisha kuwa vijana.

Mzee husema kwamba karai lake si kiwanda, na kwa hesabu ya kilo hadanganyi. Lakini kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, hapakuwa na kiwanda pia. Palikuwa na akina mama waliochekecha mchanga kutafuta chembe za risasi za betri ili wauze. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Wengi hufikiri hatari ni mvuke. Mvuke upo, hasa moto ukizidi, ila adui mkubwa ni vumbi. Ule utando unaoenguliwa juu ya karai, ukishapoa, husagika kuwa unga wa kijivu. Unga huo hukaa kwenye vidole, kwenye koti la kazi, kwenye ardhi ambapo mtoto anatambaa. Mtoto hutia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa, na kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili huidhania kuwa kalisi na kuihifadhi mifupani. Huleta tumbo kuuma, damu kupungua, na kwa mtoto hudumaza ubongo pole pole, bila homa, bila upele, bila chochote cha kumshtua mzazi. Mwalimu ataandika tu kwamba hamakiniki darasani. Ni kwa sababu hiyo petroli ya risasi iliondolewa Kenya kufikia mwaka 2006, na tuliokuwa tukivuta moshi wake River Road tumshukuru Mungu.

Basi mama huyu na baba mkwe wake wamefikia mapatano, kama ya mataifa mawili. Jiko lilihamishwa kutoka ukumbini hadi chini ya mkaratusi, mita hamsini kutoka nyumbani. Watoto hawavuki ule ua wa minyaa moto ukiwaka, wala kesho yake. Koti la kazi halilali ndani. Mzee hunawa kwa sabuni hadi viwikoni kabla ya kushika kikombe, na tumbaku yake, ambayo awali aliisokota huku akikoroga, sasa hukaa nyumbani. Mabaki ya karai hutiwa kwenye debe lenye kifuniko lililoandikwa SUMU kwa rangi nyekundu, mwandiko wa mjukuu wa darasa la sita. Debe hilo limejaa nusu, na mzee ananung'unika kwamba ni zito kuliko faida yake.

Kuacha kabisa hataki. Ada ya sekondari ya mjukuu mkubwa ilitoka kwenye timazi, mihula miwili. Mama analijua hilo, na ndiyo sababu alitoboa sufuria badala ya kuzima jiko.

Lililobaki ni yule wa miaka minne. Miezi ile ya sufuria alikuwa akitambaa. Sasa anasema maneno machache kuliko dada zake walivyosema katika umri wake, ingawa nyanya wa jirani wanamwambia mama kwamba wavulana huchelewa, asijitie hofu. Kipimo cha risasi huhitaji damu kidogo na maabara yenye vifaa, na muuguzi wa zahanati amewaandikia barua ya kwenda nayo Nairobi. Mzee ndiye aliyetoa nauli. Watashuka na matatu ya saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, na mama ameshamnunulia mtoto kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya Kilungu saa hiyo.